Ayubu Hakuishia Sura ya Kwanza

Katika misiba mingi ya Wakristo wa kwetu, kabla jeneza halijafunikwa, lazima mtu asimame na kuyarudia yale maneno ya Ayubu kuhusu Bwana anayetoa na kutwaa. Watu huitikia amina, kisha ibada huendelea. Ayubu aliyasema kweli, tena akiwa amerarua joho lake na kunyoa kichwa. Lakini kitabu chake kina sura 42, na kuanzia sura ya tatu mtu yule yule anailaani siku aliyozaliwa, anamshitaki Mungu, anadai kesi yake isikilizwe. Sura hizo hatuzisomi makaburini, na hata kanisani husikika kwa nadra.

Mjadala huu nimeutunga ili kuzikutanisha sauti mbili ambazo nimezisikia maisha yangu yote, kila moja ikisema mbele ya watu wanaokubaliana nayo. Shangazi ni Mlutheri wa Kagera, mtu wa Uamsho wa Afrika Mashariki tangu ujana wake. Mpwa ni muuguzi katika wodi ya watoto wachanga. Ameolewa katika familia ya Kikatoliki, na tangu mdogo wake wa kiume afariki hajaweza kuomba kama zamani. Nitaingilia kati ninapoona jambo linapita bila kupimwa, wala sitajifanya sina upande.

SHANGAZI: Mwanangu, sikukuita nikulaumu. Nakuona unavyodhoofika. Unakwenda misani na mumeo, unarudi uso umekauka. Hali hii haitakwisha mpaka umkabidhi Mungu. Umemshikilia mdogo wako, umeshikilia hasira, umelishikilia lile swali la kwa nini. Achilia, mama.

MPWA: Shangazi, nimeachilia mara ngapi? Kwenye mikesha nimeitwa mbele, nikainua mikono. Mtumishi akaniambia nitamke kwamba nimeachilia, nikatamka. Nikifika nyumbani nakuta kitu kile kile kimenikalia kifuani. Nikirudi naambiwa sikuachilia kwa moyo wote. Kwa hiyo nikipona, sifa ni za aliyeniombea. Nikibaki na uchungu, kosa ni langu.

SHANGAZI: Hayo sina la kuyatetea. Sisi hatukulelewa hivyo. Sisi tulifundishwa kuvunjika. Unajua Uamsho ulianzaje? Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake. Njaa ilikuwa imepiga nchi ile vibaya na watu walikuwa wamekufa wengi. Akaenda Kampala amechoka mwili na roho. Pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu kama yake, wakakaa na Biblia, wakasoma, wakaomba. Daktari hakupewa mbinu mpya ya kazi. Alikubali kwamba yeye mwenyewe hana kitu. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, naye akatumika Gahini kwa moto ule ule hadi alipofariki Januari 1936. Uamsho ukapita Kigezi, ukaingia Buganda, ukavuka kuja kwetu, ukafika Kenya. Watu walirudisha mali walizoiba. Wazungu na Waafrika wakaombana msamaha hadharani, tena zama za ukoloni! Hayo yote yalitoka kwa watu waliokubali kuinamisha shingo.

MPWA: Nayajua, Shangazi, na ninayaheshimu. Lakini hao walikuwa wanaungama dhambi. Mwizi akirudisha ng'ombe, moyo wake unapumzika, hilo naliona wazi. Mimi nirudishe nini? Niungame kwamba nilimpenda mdogo wangu? Kuna mtu anayemficha Mungu wizi wake, na kuna mtu anayemuuliza Mungu swali. Ninyi mnawapa wote wawili dawa moja.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu Mpwa ameligusa jambo lenyewe. Uamsho wa Afrika Mashariki ulijua kuitibu dhambi iliyofichwa kuliko vuguvugu lolote la Kikristo lililowahi kupita kwetu. Kuungama mbele ya ndugu, kutembea nuruni, kurudisha cha watu: nyumba nyingi ziliponywa na mambo hayo. Shida huanza pale huzuni inapopelekwa kwenye kiti cha toba kana kwamba ni kosa. Aliyefiwa anaulizwa ana dhambi gani. Anajipekua usiku na mchana, na kwa kuwa hakuna binadamu asiye na doa, hawezi kukosa kitu cha kujilaumu. Anatoka hapo akiwa amefiwa na tena anajiona mkosaji.

Biblia yenyewe inatuonya. Hana, mama yake Samweli kabla hajawa mama, aliomba Shilo kwa uchungu mkubwa, midomo ikicheza bila sauti. Eli, kuhani mzoefu aliyewaona wenye kuomba miaka mingi, alimtazama akaamua kwamba mwanamke huyu amelewa. Ninalompendea Eli ni kwamba Hana alipojieleza, mzee hakubisha wala hakutetea cheo chake. Alimbariki papo hapo. Makanisa yetu yanawahitaji akina Eli wa namna hiyo, wenye kukubali kusahihishwa na mwanamke anayelia.

SHANGAZI: Nimekusikia. Lakini twende Getsemane. Yesu mwenyewe alifika mahali pa kuyatanguliza mapenzi ya Baba. Kama yeye alijikabidhi, wewe na mimi ni akina nani?

MPWA: Twende, Shangazi, ila twende tangu mwanzo wa sala, maana watu wengi hufika wakati sala inaisha. Kwanza aliomba kikombe kimwondokee. Aliomba mara tatu. Jasho lilimtoka. Aliwaambia wenzake roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawasihi wakeshe naye, wakalala. Kama mtu angemkatiza mara ya kwanza akamwambia, Bwana, achilia tu, angekuwa anamsaidia au anamzuia?

SHANGAZI: Hakuna aliyemkatiza, ni kweli. Ila alifika, mwanangu. Mimi naogopa usifike. Nimewaona watu walioingia katika ugomvi na Mungu wakajenga humo. Mama mmoja kwetu alizeeka na swali lake, akakosana na watoto, akakosana na majirani, hakuna aliyeweza kukaa naye. Uchungu ukishika mizizi unakuwa ndio makao. Wewe ni muuguzi: mtoto akikunja ngumi hivi, utamwekeaje dripu?

MPWA: Shangazi, mtoto mchanga aliyekunja ngumi na kupiga kelele hatutii hofu. Huyo tunamshukuru Mungu. Anayetukimbiza ni yule aliyelegea, mkono ukiuinua unaanguka, halii hata akichomwa sindano. Mtu akiniona kanisani nimetulia anasema nimejikabidhi. Kumbe siku zile ndizo nilizokuwa nimelegea. Siku niliyogombana na Mungu garini nikitoka zamu ya usiku, siku hiyo angalau nilikuwa nazungumza naye.

SHANGAZI: (baada ya kimya) Hilo sikulijua.

MPWA: Sijamwambia mtu.

SHANGAZI: Hata hivyo Ayubu mwishoni alijirudi. Alitubu katika mavumbi na majivu. Usiniambie sura hiyo haipo.

MPWA: Ipo. Lakini alijirudi baada ya Mungu mwenyewe kusema naye kutoka kwenye upepo wa kisulisuli. Rafiki zake walimkazania sura hadi sura, wakashindwa.

Sura ya 42 inastahili kusomwa polepole, kwa kuwa inawabana wote wawili. Inambana Mpwa: Ayubu aliyegombana haishii katika ugomvi. Anaona jambo lililo kubwa kuliko kesi yake, anajirudi. Hakuna namna ya kukisoma kitabu hiki kana kwamba kulalamika ndiko kulikokuwa lengo. Lakini pia inambana Shangazi, na kwa ukali zaidi. Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakusema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu. Watu waliomtetea Mungu kwa hotuba safi, zenye aya ambazo hata leo zingepata amina nyingi, ndio wanaoagizwa kupeleka ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, na kumwomba Ayubu awaombee. Yule mgomvi ndiye anayekuwa kuhani wa wale waliomhubiria.

Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu, na limebadilisha namna ninavyokwenda kuhani msiba. Siamini tena kwamba mtu anaweza kumkabidhi mwenzake kwa Mungu kwa kumfunga mdomo. Ninaamini, na nasema kwa uzito wote, kwamba mtu hujikabidhi kwa Mungu pamoja na ugomvi wake. Anapeleka swali likiwa bado halijajibiwa, anapeleka hasira ikiwa bado ina moto, kwa sababu ndivyo alivyo siku hiyo, na Mungu hamhitaji mtu mwingine wa kubuni. Yakobo pale kivuko cha Yaboki alishindana hadi alfajiri. Alichofanya baada ya nyonga kuteguka kinanigusa sana: hakupigana tena kwa nguvu, alimng'ang'ania tu yule aliyemjeruhi, akidai baraka. Mtu akiniuliza kujikabidhi kunafananaje, nitamwelekeza hapo.

MPWA: Kuna jingine linaloniuma, Shangazi. Neno hili la kujikabidhi huambiwa nani? Huambiwa mke anayepigwa. Huambiwa mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara. Huambiwa mgonjwa aache dawa aonyeshe imani. Wenye nguvu sijasikia wakiambiwa wajikabidhi.

SHANGAZI: Hapo usiuchanganye Uamsho na watu walioiba maneno yake. Wa kwetu walijikabidhi, na kwa sababu hiyo hawakutishika. Mukono kule Uganda, mwaka 1941, wanafunzi wa chuo cha theolojia waliambiwa waache kukutana alfajiri kuomba na kuwahubiria wenzao. Walikataa. Wakafukuzwa 26, William Nagenda akiwa mmoja wao. Walipoteza nafasi ya uchungaji. Halafu Janani Luwum. Askofu Mkuu wa Uganda aliyeokolewa mwaka 1948 katika Uamsho huu huu. Mwezi Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji. Tarehe 16 ya mwezi huo aliuawa. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha Dodoma kwetu hapa, ilimbidi atoroke na mkewe kupitia milimani hadi Rwanda, na baadaye akaandika kitabu chenye jina linalosema anampenda Idi Amin. Sasa niambie, hao walikunja mikono?

MPWA: Hawakukunja. Na hapo umeniunga mkono, Shangazi. Luwum alijikabidhi na bado alibisha.

SHANGAZI: Alibishana na Amin. Hakubishana na Mungu.

Naona jibu hili la Shangazi ndilo lenye nguvu kuliko yote aliyoyasema, na Mpwa analijua hilo. Watu wa Uamsho walikuwa na kiburi kitakatifu mbele ya watawala kwa kuwa walikuwa wameshapiga magoti mahali pengine. Ukimwondolea Luwum magoti hayo, sijui barua ile ingeandikwa na nani. Kuhusu dawa, niongeze jambo moja kabla hatujaendelea: moto ule uliwaka katika eneo la hospitali, na mmoja wa waliouwasha alikuwa daktari. Anayemwambia mgonjwa wa sonona au wa kisukari atupe vidonge ili ajikabidhi kikamilifu hana Gahini ya kuegemea.

MPWA: Basi niulize hivi. Wale waliobishana na Mungu mwenyewe, tuwaweke wapi? Zaburi ya 88 inaanza kwa kumlilia Mungu na inamalizikia gizani, hakuna mstari wa shukrani mwishoni. Imo katika Biblia yako na yangu. Upande wa mume wangu wana picha ya Teresia wa Mtoto Yesu sebuleni, yule mwenye maua ya waridi. Nilidhani ni mtakatifu wa watu watulivu. Kumbe tangu Pasaka ya mwaka 1896 mpaka alipofariki Septemba 1897 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 24 tu, mbingu zilikuwa zimemfungia. Mawazo yalimjia kwamba baada ya kaburi hakuna kitu. Aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake akaibeba kifuani, kwa kuwa moyo haukuweza tena kuisema wenyewe. Na Mama Teresa wa Kolkata: barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, watu wakashangaa. Karibu maisha yote ya kazi yake alikuwa haoni, hahisi, anaomba katika ukavu. Mwaka 2016 Kanisa lilimtangaza mtakatifu likiyajua hayo yote.

SHANGAZI: Kwa damu yake?

MPWA: Ndiyo, Shangazi. Alikuwa binti mdogo kuliko mimi.

SHANGAZI: Sisi tumeimba habari za damu maisha yetu yote. Ya Mwokozi, lakini. (anafikiri) Huyo simwiti mgomvi. Huyo alikuwa anashikilia.

MPWA: Wewe uliniambia niachilie.

SHANGAZI: Nilikuambia. Ngoja nikueleze kitu ambacho mzee mmoja wa kanisa alitufundisha. Luther alipitia giza kama hilo. Mwaka 1527 aliugua, na hofu ikamshika rohoni hata akadhani Kristo amemwacha. Mwaka huo huo tauni ikaingia Wittenberg. Wengi walikimbia, yeye akabaki na mkewe Katharina, nyumba yao ikawa kama wodi. Desemba wakapata mtoto wa kike. Agosti iliyofuata wakamzika. Baadaye, alipomwandikia mtu aliyekuwa katika majaribu ya namna hiyo, shauri lake lilikuwa la kawaida kabisa: usikae peke yako. Tafuta watu, kula, ongea. Tuliofundishwa na mzee yule tulilifuata. Ndiyo maana tunakutana. Mimi nilipofiwa na mume wangu sikuachilia chochote kwa nguvu zangu. Ndugu walikuja wiki baada ya wiki. Siku nyingine waliomba mimi nimenyamaza tu, wakasema wanaamini kwa niaba yangu mpaka nitakapoweza.

MPWA: Hilo hujawahi kuniambia. Umekuwa ukiniambia ushindi tu.

SHANGAZI: Ushuhuda wetu ndivyo ulivyozoea kusemwa. Tunaanza na giza kidogo, halafu haraka haraka tunafika kwenye nuru ili watu wamsifu Mungu.

Ningependa kila mwenye kuongoza jumuiya, ushirika au kikundi cha maombi alitafakari hilo la haraka. Ushuhuda uliofupishwa humdanganya anayesikiliza akiwa katikati ya safari. Anajilinganisha na mwisho wa habari ya mwenzake, anajiona ameachwa nyuma, anajifunza kuficha. Na watu wa kutembea nuruni, kati ya watu wote duniani, hawapaswi kuwa mahali ambapo mtu anajifunza kuficha. Kama dhambi inaweza kusemwa mbele ya ndugu bila mtu kufukuzwa, basi na shaka isemwe, na kilio kisichojua kinakoelekea kisemwe pia. Huo ungekuwa Uamsho ule ule ukiendelea na kazi yake.

SHANGAZI: Njoo Alhamisi kwenye ushirika.

MPWA: Nije niseme nini? Nikisema siwezi kuomba, mmoja ataanza kukemea roho ya mauti, mwingine atanipa aya, wa tatu ataniambia habari ya binti wa jirani aliyepoteza watu watatu na bado anaimba kwaya.

SHANGAZI: Nitakaa karibu nawe. Ukimaliza kusema nitawaambia wasikujibu.

MPWA: Watakusikiliza?

SHANGAZI: Wengi wao niliwafundisha Shule ya Jumapili. Watanisikiliza. Atakayetaka kuomba ataomba, lakini hatakuhubiria.

MPWA: Na ukumbuke, Shangazi, naendelea kumwona mshauri pale hospitali. Sitaki ushirika uniambie nichague.

SHANGAZI: Nani atakuambia uchague? Endelea naye. Ila na mimi nina neno langu, usidhani umenishinda. Naamini iko siku utamwambia Mungu ndiyo kwa moyo wako wote, bila swali lolote kubaki. Hilo siwezi kuliacha, maana nimeliona likitokea.

MPWA: Na mimi naamini inawezekana siku hiyo isije kabla ya kufa kwangu, kama haikuja kwa Teresia, na bado nikawa mtu wake. Ukisubiri siku hiyo ndipo uniite nimejikabidhi, utanisubiri vibaya.

SHANGAZI: Basi nitakuita hivyo leo, na bado nitaomba ije. Kila siku nitaomba. Hilo huwezi kunikataza.

MPWA: Siwezi, Shangazi. Wewe omba. Na Alhamisi nikichelewa msianze bila mimi, natoka zamu saa tisa.